Mkasi wa Kahawa na Ile Namba ya Ubaoni

Kama ulisoma fizikia ya kidato cha pili, swali hili lilikupitia. Mzigo ni nyutoni 600, jitihada ni nyutoni 200, tafuta manufaa ya kimakanika. Unagawanya, unapata 3, unapiga mistari miwili chini ya jibu, unageuza ukurasa. Wengine tulianza nalo tangu shule ya msingi, darasa zima tukikariri kwa sauti moja: egemeo, mzigo, jitihada. Mkasi ni wenzo wa daraja la kwanza. Toroli ni wa daraja la pili. Koleo la mkaa la tatu. Kengele ikagongwa, tukaenda kucheza.

Sasa nasomea kulifundisha. Niko mwaka wa tatu, ualimu wa fizikia na hisabati, na nimeshakwenda fildi mara mbili, kwa hiyo swali lile nimelitazama pia kutoka upande wa mwalimu. Kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyoona kwamba ile 3 inatuficha kitu. Hesabu yenyewe iko sawa kabisa. Shida ni kwamba mwanafunzi anaondoka akiamini kila chombo kimezaliwa na namba yake moja, kama gari na namba ya usajili. Vyombo vya kukatia haviko hivyo hata kidogo.

Jaribu hapo ulipo. Chukua mkasi wowote na kipande cha boksi gumu. Kata kwa ncha ya mkasi: boksi linajikunja, vidole vinauma, mkasi unatafuna tu. Sasa liingize boksi ndani kabisa, karibu na ule msumari unaoshika sehemu mbili za mkasi. Linakatika kama karatasi. Mkasi ni uleule na mkono ni uleule. Kilichobadilika ni umbali kutoka kwenye egemeo hadi pale panapokatwa. Kama vidole vyako viko sentimita 8 kutoka kwenye egemeo, na boksi nalo liko sentimita 8 upande wa pili, unapata 1, yaani hujasaidiwa chochote. Lisogeze boksi hadi sentimita 2, unapata 4. Mtoto wa chekechea analijua hili kwa mkono wake kabla hajajua kuiandika hiyo 4. Akifika kidato cha pili tunamfundisha mpaka analisahau.

Mafundi hawajalisahau. Angalia mkasi wa fundi cherehani: visu virefu, mipini mifupi. Kitambaa hakidai nguvu nyingi, kinadai mkato mrefu ulionyooka, kwa hiyo hapo nguvu imeuzwa ili kununua mwendo. Halafu nenda kwa wanaotengeneza majiko na ndoo za bati, uone mkasi wa bati: kisu kifupi, mipini mirefu. Biashara ni ileile, imegeuzwa tu. Na ni biashara isiyo na punguzo. Ukitaka nguvu mara 4, mkono wako utembee sentimita 4 ili kisu kitembee 1. Hakuna mkasi uliowahi kuikwepa bei hiyo. Anayebuni chombo cha kukatia kwa mkono anachoweza kuamua ni bei ilipwe lini, na ilipwe na mkono wa nani.

Hilo la "mkono wa nani" nimelipata kwa shangazi yangu, Mbozi.

Shangazi ana mibuni. Kila mwaka mavuno yakiisha anapogolea: anatoa matawi yaliyochoka, anapunguza maotea, anafungua mti katikati ili mwanga upite. Kazi hii ameifanya tangu sijazaliwa, kwa mkasi wa mkono mmoja wenye springi katikati ya mipini. Miaka ya karibuni viungo vya vidole vyake vimevimba, na asubuhi havikunjiki vizuri. Likizo moja nilimkuta matawi membamba anakata kwa mkasi, manene anayapiga panga. Panga linachana gamba, kisiki kinabaki na nyuzinyuzi, maji yanatuama, ugonjwa unapata mlango. Yeye analijua hilo kuliko mimi na wewe. "Mkasi umekuwa mgumu, mwanangu," aliniambia. Nikauangalia. Umenolewa, umepakwa mafuta, hauna kosa. Binamu yangu wa miaka 19 akauchukua na kulikata tawi lililomshinda mama yake, mkono wa pili ukiwa bado umeshika muwa. Shangazi alimtazama, hakusema kitu, akarudi kwenye panga lake.

Vijana wa kupogolea kwa malipo wapo. Shangazi hawataki, na sababu yake ina maana: anayelipwa kwa idadi ya miti haangalii mwakani. Ujuzi wa tawi lipi litolewe na lipi liachwe uko kichwani mwa mama huyu, na kilichokuwa kinamzuia asiutumie ni nyutoni mia moja na kitu. Nilikasirika kidogo. Nikasema, hii si ndiyo mada yangu? Si ndiyo ile ninayokwenda kuifundisha?

Nikaupima ule mkasi kwa rula. Kutoka egemeo hadi katikati ya vidole, sentimita 12. Tawi likiingia ndani kadiri inavyowezekana, linakaa sentimita 2.5 kutoka kwenye egemeo. 12 gawanya kwa 2.5, unapata 4.8. Ubaoni hapo ungepiga mistari miwili. Lakini ukikaa ukamwangalia mtu akikata, unaona mkono haushindwi muda wote. Unashindwa sehemu mbili, na kila moja ina sababu yake.

Ya kwanza ni mwanzoni kabisa, mkono ukiwa wazi. Springi ya mkasi ule inaifungua mipini hadi karibu sentimita 10. Sasa jaribu kubana kitu kipana kiasi hicho, halafu bana chenye upana wa sentimita 5 au 6. Mkono wa mtu mzima una nguvu zaidi hapo kwenye 5 au 6. Ukipanuka sana nguvu inashuka, na ukikaribia kufumba inashuka tena. Kwa hiyo mkasi unaanza kumdai shangazi pale ambapo hana kitu mfukoni. Juu ya hapo, sehemu ya nguvu yake inakwenda kuikandamiza springi kabla tawi halijaguswa.

Ya pili ni katikati ya tawi. Tawi ni duara, na watu wa hisabati hapa mtafurahi. Chukua tawi la kipenyo cha milimita 20. Kisu kikiwa kimeingia milimita 2, upana wa mti kilioukabili ni milimita 12. Kikiingia 5, upana ni 17. Kikifika 10, yaani katikati, ni 20 kamili, halafu unaanza kupungua. Mahitaji ya nguvu yanapanda kama mlima na kushuka. Na tawi la milimita 20 lina eneo la mkato mara nne ya tawi la milimita 10, ingawa kwa macho unasema "mara mbili tu". Ndiyo maana mtu anakata membamba siku nzima bila shida, halafu tawi moja nene linamaliza vidole.

Weka basi grafu mbili kwenye karatasi moja: nguvu inayotakiwa na mti, na nguvu iliyopo mkononi. Zote zina mlima, ila milima yao haikai mahali pamoja. Mkasi wenye uwiano ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho unazichukulia grafu hizo mbili kama mistari iliyonyooka. Kwa kijana wa miaka 19 haidhuru, ana akiba ya kufidia. Asiye na akiba ndiye anayeligundua kosa la mbunifu.

Kuna dawa ya bure ambayo kila mtu huifikiria kwanza: ingiza tawi ndani zaidi, karibu na egemeo. Inafanya kazi hadi mahali fulani. Mkasi ukifunguka sana, visu viwili vinafanya pembe pana na vinalisukuma tawi nje, kama unavyobana mbegu ya embe ikachomoka. Msuguano ndio unaolizuia. Kama kizio cha msuguano kati ya chuma na gamba ni 0.3, pembe kati ya visu isizidi takriban nyuzi 33, ukizidisha hapo tawi linateleza lenyewe. Ndiyo maana mikasi mizuri ya kupogolea upande mmoja si kisu, ni ndoano iliyopinda. Inalikamata tawi lisikimbie. Siku ukiona mdomo wa mkasi umepinda kama wa kasuku, ujue si urembo.

Waliobuni vyombo hivi kwa ajili ya kuviuza wamelitatua tatizo kwa njia kadhaa, na nimezipenda kwa viwango tofauti. Kampuni ya Fiskars ya Finland, ambayo ilianza kama kiwanda cha chuma mwaka 1649, inatengeneza mikasi yenye meno ya gia pale kwenye egemeo. Gia hizo zimepangwa ili kisu kipate nguvu kubwa zaidi katikati ya mkato, palepale penye kilele cha ule mlima wa mti. Mtumiaji habonyezi chochote. Anabana tu, na uwiano unabadilika ndani ya mbano mmoja. Kwangu mimi hilo ndilo jibu safi kuliko yote, kwa sababu aliyebuni ameuuliza mti kwanza.

Njia nyingine ni mkasi wa ngazi. Unabana, kisu kinaingia kidogo na kubaki pale, unaachia mkono, kijino kinarukia pengo linalofuata, unabana tena. Tawi linakatwa kwa mibano mitatu au minne midogo badala ya mmoja mkubwa. Ni kama kupanda mlima na baiskeli kwa gia nyepesi: unazungusha sana, unakwenda polepole, lakini unafika. Kwa mkono wenye maumivu huu ni mkombozi, maana kila mbano unaanzia pale ambapo mkono una nguvu.

Halafu kuna mkasi wa kukatia nondo, ambao wengi mmeuona saiti za ujenzi. Ule una nyenzo mbili zilizofungamanishwa, na manufaa yake yanazidishana. Kama mipini inakupa 8 na taya zinakupa 5, jumla yake si 13, ni 40. Tena mipini ikikaribia kufunga, viungo vyake vinakaribia mstari mmoja na nguvu inazidi kupanda. Bei yake unaiona kwa macho: mipini inafunguka kama mtu anayepokea mgeni wa mbali, na kisu kinasogea kiduchu.

Mtu ataniuliza, si ungemnunulia shangazi huo wa ngazi? Nilitazama bei mtandaoni nikafunga simu. Ila hata bumu lingeruhusu, kijino kile kinasukumwa na kijispringi kidogo kama cha kalamu. Kikivunjika shambani, mkasi umekufa. Nilitaka kitu ambacho fundi wa karibu akikiona anakielewa.

Nikiwa fildi ya pili nikampata fundi wa kuchomelea, jirani na shule niliyopangiwa. Shule yenyewe sitaitaja. Inatosha kusema maabara yake ilikuwa na picha ya kapi ukutani, na kapi lenyewe hakuna. Fundi alinisikiliza nikichora kwa chaki sakafuni, akasema, "Mwalimu, wewe unataka mkasi wenye gia lakini hutaki gia." Hakukosea.

Nilichochora ni hiki. Ndoano imeshikana moja kwa moja na mpini wa chini. Kisu kinazunguka kwenye egemeo lake, tuliite A, na kina mkia unaoendelea nyuma ya A. Milimita 80 nyuma ya A kuna egemeo la pili, B, na hilo ndilo la mpini wa juu. Ukibana mipini, ile sehemu ya mpini wa juu iliyo mbele ya B inainuka, inauinua mkia wa kisu, na kisu kinashuka juu ya tawi. Kinachounganisha mpini na mkia ni bolti moja. Na bolti hiyo inaweza kukaa katika tundu lolote kati ya matatu yaliyotobolewa kwenye mkia: milimita 25, 40 au 55 kutoka A. Upande wa mpini tuliweka matundu marefu kama mifereji, ili bolti iweze kuteleza kidogo, kwa sababu mpini na mkia vinazunguka vituo tofauti.

Utamu uko kwenye hesabu. Mpini ni milimita 450 kutoka B hadi mkononi, na tawi linakaa milimita 25 mbele ya A. Tundu la kwanza liko 25 kutoka A, kwa hiyo 55 kutoka B. Mpini unatoa 450 kwa 55, ambayo ni 8.2, na kisu kinatoa 25 kwa 25, ambayo ni 1. Jumla 8.2. Tundu la pili liko 40 kutoka kila upande: 11.25 mara 1.6, unapata 18. La tatu ni 450 kwa 25, yaani 18, mara 55 kwa 25, yaani 2.2. Unapata 39.6! Umesogeza bolti milimita 30 tu, umetoka 8 umefika karibu 40. Sababu ni kwamba kila hatua inaongeza pande zote mbili kwa pamoja: unakaribia egemeo la mpini na hapohapo unajitenga na egemeo la kisu.

Fundi alilitazama tundu la tatu akauliza, "Hili utakata ukiwa umesimama wapi?" Alikuwa amepiga hesabu yake kichwani. Kwa tawi la milimita 20, tundu la kwanza linadai mkono utembee milimita 164. La pili, 360. La tatu, karibu 800. Mikono ikiwa imepanuliwa kiasi hicho haina nguvu, na katikati ya mibuni hiyo nafasi huipati. Nikamwambia alitoboe hivyohivyo, lina kazi yake darasani.

Kisu kilitoka kwenye springi ya gari. Chuma kile ni kigumu, drili haikiingii, kwa hiyo fundi alikipasha mpaka kikawa chekundu, akakizika kwenye majivu kipoe taratibu ili kilegee. Kikatobolewa, kikapewa umbo. Ndipo akakipasha tena na kukichovya kwenye oili chafu kiwe kigumu, halafu akakirudisha kwenye joto dogo kisije kikavunjika kama kioo. Alichonifundisha kuliko mahesabu yangu yote ni kuhusu kucheza. Kisu na ndoano vikitengana hata milimita moja, tawi halikatwi, linajikunja na kuingia kwenye pengo. Chombo kinachokuza nguvu kinajikuzia na yenyewe. Kila bolti inasukumwa kuliko mkono wako unavyodhani. Alitumia muda mrefu kwenye washa na nati za egemeo kuliko kwenye makali. Jumla nililipa shilingi 25,000 na soda.

Darasani tulikuwa hatuna kipima nguvu hata kimoja. Tulikuwa na ndoo. Tuliubana mpini wa chini kwenye meza ndefu ya maabara kwa jiliwa la kuazima, tukaning'iniza ndoo ya lita 20 kwenye ncha ya mpini wa juu, tukaweka fito ya mpera yenye unene wa milimita 15 mdomoni. Wanafunzi wakaanza kumimina maji, lita moja baada ya nyingine. Lita moja ni kilo moja, ni takriban nyutoni 10, kwa hiyo ndoo ndiyo ikawa kipimo chetu. Chini tuliweka tairi bovu, na bado sakafu ililowa.

Tundu la kwanza, fito ilikatika kwenye lita 15. Tundu la pili, fito iliyotoka tawi lilelile ilikatika kwenye lita 8. Tundu la tatu ndilo lililowafanya wasimame juu ya viti. Ndoo ilianza kushuka kwa maji kidogo kuliko yote, wakapiga makofi, halafu ikashuka, ikashuka, ikatua kwenye tairi huku fito haijakatika hata nusu. Kimya. Kisha binti mmoja wa nyuma akasema, "Nguvu tumepata, mwendo umetuishia." Nimesoma vitabu kadhaa vya mbinu za kufundishia na sijaona sentensi inayoielezea mada ile vizuri zaidi. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza waliliandika baadaye, lakini kulielewa walilielewa hapo.

Walinibana pia. Kwa hesabu, tundu la pili lingetakiwa kuwa jepesi mara 2.2 kuliko la kwanza. Sisi tulipata 15 kwa 8, ambayo haifiki hata 1.9. "Mwalimu, maji mengine yameenda wapi?" Hapo ndipo nilipowaeleza kwamba zile namba tulizopata kwa rula ni uwiano wa mwendo, chombo kinaahidi. Manufaa ya kimakanika ni kile kinachotoa kweli. Tofauti imeliwa na msuguano kwenye bolti na mifereji, na tundu la pili limeliwa zaidi. Ufanisi ulikuwa na maana kabla ya kanuni yake kuandikwa ubaoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona hilo.

Nitaje pia yule kijana anayetumia kushoto. Tulipofanya zoezi la boksi, alisema mikasi yote aliyowahi kushika "haikati, inabana". Ni kweli. Mkasi wa kawaida umepangwa ili vidole vya mkono wa kulia vivibane visu vikae pamoja. Mkono wa kushoto unavitenganisha, na kisu cha juu kinaziba mstari unaotaka kuufuata. Miaka yote alikuwa anaambiwa hajui kukata.

Likizo iliyofuata nilipeleka mkasi Mbozi. Nilidhani nitawaona wakihamisha bolti kila tawi, maana ndivyo nilivyokuwa nimejieleza kwenye daftari: chombo chenye manufaa yanayorekebishika. Hakuna aliyehamisha. Shangazi alijaribu tundu la kwanza, akajaribu la pili, akakaza nati kwenye la pili na mjadala ukaisha. Binamu akiuchukua, anarudisha la kwanza kwa sababu linakata haraka, na shangazi akiurudia anampigia kelele. Mkasi mmoja, nyumba moja, mikono miwili tofauti. Nadhani sisi tunaosoma fizikia tunawaza sana kurekebisha chombo katikati ya kazi, wakati nyumbani kinachotakiwa mara nyingi ni kirekebishike pale kinapobadilisha mtu.

Malalamiko hayakukosekana. Ni mzito, na mipini mirefu inanasa kwenye matawi. Kwa hiyo shangazi anautumia kwa manene tu, na panga limerudi kwenye kazi ya majani. Kwa membamba bado anatumia mkasi wake wa zamani, ambao tuliufanyia mambo mawili: tukaweka springi laini zaidi, na tukafunga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kuzunguka mipini, ili isifunguke zaidi ya sentimita 7. Mkono sasa unaanzia pale wenye nguvu. Haikutugharimu hata shilingi, na shangazi anasema hicho ndicho kitu cha maana nilicholeta kutoka chuoni.

Kilichobaki ni ule wa ngazi. Nimegundua kwamba ndani ya frii-wili ya baiskeli kuna vijino vinavyoruhusu kuzunguka upande mmoja na kukataa upande wa pili. Hicho hasa ndicho ninachokitafuta, na kinapatikana kwa fundi baiskeli yeyote. Sijajua bado kitakaaje kwenye egemeo bila kuongeza uzito, na kisu kitarudije nyuma tawi likishakatika. Fundi ameniambia nimpelekee frii-wili mbovu mbili, moja ya kufungua na moja ya kuharibu.